Kamongo Haingii Ndani

Kamongo si samaki wa kupendeza. Nimeishi karibu na ziwa maisha yangu yote na sijawahi kusikia mtu akimsifu kwa sura. Ni mrefu, mnene, ana rangi ya matope anamoishi, na mapezi yake ya mbele ni kama kamba za viatu ambazo mtu alisahau kuzifunga. Ana mapafu. Hupanda juu kuvuta hewa kisha akarudi chini, na kinamasi kikikauka hujifukia kwenye udongo akajikunja humo kungoja mvua. Watu wa kwetu humpa heshima yake kwa mambo mawili: nyama yake haina miiba ya kumkwama mtu kooni, na akikuuma kidole, huenda usikipate tena.

Nyumbani kwetu Kaloleni, mjini Kisumu, alijulikana kwa jambo la tatu. Hakuruhusiwa kuingia ndani.

Amri hiyo ilikuwa ya Mama. Mama ni mtu wa Kendu Bay, na kanisa lake huabudu Jumamosi na hufuata yale yaliyoandikwa katika Mambo ya Walawi kuhusu vyakula. Samaki wa kuliwa ni yule mwenye mapezi na magamba. Ngege anayo yote mawili, mbuta vilevile, hata omena ukimtazama vizuri. Kambare hana magamba. Kamongo naye, kwa macho ya kila mtu aliyewahi kumshika akamponyoka mkononi, ni utelezi mtupu. Mama hakuwa na ubishi juu ya jambo hili, wala hakuwahi kumhubiria mtu. Alisema tu, tangu mwanzo wa ndoa yao, kwamba samaki huyo haingii katika nyumba yake wala hapikwi katika sufuria zake.

Baba alitoka Nyakach, upande wa chini ya Katito, kwenye vinamasi ambako kamongo ndiye samaki na hao wengine ni wageni. Alilelewa kwa kamongo. Mtu angetarajia vita. Hakukuwa na vita. Baba alinunua sufuria ndogo, akapigilia msumari kwenye ukuta wa nje, karibu na mahali pa kufulia nguo, akaitundika hapo. Hiyo ndiyo ilikuwa sufuria ya kamongo. Aliiosha mwenyewe na kuikausha mwenyewe. Mama alipokuwa akifua aliipita kwa upande, namna mtu anavyompita mbwa wa jirani ambaye bado hajamzoea.

Hata hivyo sufuria hiyo haikutumika sana. Kwa kawaida Baba alikwenda Dunga, kando ya ziwa, kila Jumapili, kwenye hoteli ya mabati ya mama mmoja anayekaanga samaki, akala kamongo wake huko pamoja na ugali. Kabla ya kurudi alisukutua maji mdomoni, kisha akatafuna kipande cha limau. Alipoingia mlangoni Mama alimwuliza, "Umekula?" naye akajibu, "Nimeshiba." Hakuna aliyetaja samaki. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba hivyo ndivyo baba wote wanavyofanya Jumapili: wanakwenda mahali, wanarudi wakinuka limau.

Mimi mwenyewe sili kamongo. Kanisani niliacha kwenda zamani, jambo ambalo Mama hulitaja kila anapokosa la kusema, lakini tumbo langu limebaki muumini. Nikimtia mdomoni linakataa. Nalisema hili ili ieleweke kwamba katika kisa hiki sikuwa upande wa samaki.

Baba alifanyiwa upasuaji wa tumbo. Daktari alisema umekwenda vizuri, nasi tukamrudisha Kaloleni, tukamlaza kwenye chumba cha mbele ambako kuna dirisha. Mimi nilihamia pale kusaidia. Kidonda kilipona. Kilichokataa kupona ni hamu ya kula. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini sisi tulimwuliza uji, tukamwuliza kuku, tukamwuliza ngege wa kuchemsha, mchuzi wa nyama, viazi, ndizi. Alionja kila kitu kwa adabu, kijiko kimoja au viwili, akasema kitamu, akasukuma sahani. Saa aliyoizoea mkononi ilianza kuteleza mpaka kwenye kiwiko. Shati lilimning'inia.

Tulipomrudisha kliniki, daktari alimpima uzito, akamtazama, akanitazama mimi. Alisema kama hatakula ndani ya siku chache zijazo itabidi alazwe tena alishwe kwa mpira wa puani, na kwa umri wake na jinsi alivyokonda hapendi kufikiria zaidi ya hapo. Mama alisikia yote. Tulipofika nyumbani aliingia jikoni, na nikamsikia akihamisha vyombo kutoka mahali pamoja hadi pengine bila sababu.

Jioni ile nilimwuliza Baba, kwa ukali kidogo kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilikuwa naogopa, "Sasa wewe, Baba, unataka nini? Sema kitu kimoja tu, mimi nitaleta."

Alifikiri. Alitazama mlango wa jikoni uliokuwa wazi.

"Kamongo," alisema.

Vyombo vilinyamaza jikoni. Mama alitoka kwa mlango wa nyuma akakaa nje kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa ameshapanga kila kitu.

"Haiingii hii nyumba," aliniambia. "Utanunua, utapikia huko nje na hiyo sufuria yake. Yeye mtamtoa nje akule. Akimaliza mnamuosha mikono na mdomo, mnamrudisha."

"Mama, huyu mtu hata choo anafika kwa shida."

"Si kuna kiti? Mumbebe."

Nilikasirika, sitaficha. Niliona mwanamke anayepima imani yake kwa mgongo wa mgonjwa. Lakini nilijua pia kwamba kwake hilo lilikuwa jambo kubwa sana, kubwa kuliko lolote alilowahi kumfanyia mtu yeyote, na kwamba nikiongeza neno moja nitaupoteza hata huo uwanja wa nje. Kwa hiyo asubuhi nilikwenda Dunga.

Mama wa hoteli alinijua kwa sura. Aliposikia mgonjwa ni nani aliacha kukaanga.

"Huyo mzee wa Jumapili? Ndiyo maana amepotea! Mos, nyathina. Pole, mwanangu. Sasa ngoja." Aliinama kwenye beseni, akanichagulia vipande vya karibu na mkia. "Usitoe ngozi. Yeye bila ngozi, afadhali usimpikie."

Siku hiyo jirani yetu wa ukuta mmoja, fundi cherehani Mwislamu ambaye amecheza drafti na Baba tangu sijazaliwa, alikuja akashika upande mmoja wa kiti, mimi nikashika wa pili. Tulimbeba Baba mpaka uwanjani. Tulimfunika blanketi. Nilikuwa nimewasha jiko la makaa karibu na mahali pa kufulia, sufuria ndogo ikapata kazi. Mama alikuwa ndani. Alifunga dirisha, na nyuma ya dirisha lililofungwa tulimsikia akiimba wimbo wa kanisa, si kwa nguvu, lakini kwa nguvu ya kutosha.

Baba alikula. Hakula sana, labda nusu ya kipande, na ugali wa kujaza ngumi ya mtoto. Lakini alikula bila kuhimizwa, akatafuna, akameza, akanyoosha mkono kuchukua tena. Fundi alitazama pembeni kwa heshima. Mimi nilijifanya nachochea makaa kwa sababu machozi yalikuwa yamenijaa.

Basi tukawa na utaratibu. Kila mchana kiti kilitoka, kila mchana dirisha lilifungwa. Kaloleni nyumba zimebanana na uwanja ni wa wote, kwa hiyo chakula cha Baba kilikuwa na watazamaji. Wanawake waliokuja kuchota maji walimsalimu, wakamwuliza kama leo nimeweka chumvi ya kutosha. Mmoja aliuliza kwa nini Mzee anakulia kwenye jua kama mtu aliyefukuzwa. Baba alimjibu kwamba daktari amesema apigwe na jua. Ulikuwa uongo safi, nao ulitolewa upesi sana. Mama aliyasikia hayo yote, maana dirisha lile halizuii kitu isipokuwa upepo.

Saa ya Baba ilianza kurudi polepole kutoka kwenye kiwiko. Kisha mvua zikaja.

Mvua ya Kisumu huja mchana baada ya joto kali, na huja yote kwa pamoja. Siku moja nilikuwa nimesharudi na samaki kwenye beseni, makaa yanaanza kushika, fundi hajafika, mara upepo ukageuka kutoka ziwani na matone makubwa yakaanza kugonga mabati. Nilisogeza jiko chini ya ukingo wa paa. Maji yalilifuata huko huko. Makaa yalitoa moshi, yakatoa mlio, yakazima. Nilibaki nimesimama na beseni la kamongo mbichi mikononi, kichwa kimelowa, na mlango uko hatua chache tu mbele yangu. Sikuingia. Hata mimi ambaye sisali, mguu ulikataa. Amri ya Mama haikuwa kitu cha kujadiliana nacho, ilikuwa sehemu ya nyumba kama kizingiti chenyewe.

Nilimwambia Baba kupitia dirishani kwamba jiko limezima.

"Basi wacha," alisema. "Hakuna shida. Nitakula kesho."

Alisema kwa sauti ile ile ya Jumapili, sauti ya nimeshiba. Hakulalamika, wala hakumwita Mama. Alivuta blanketi na kugeukia ukutani, kama mtu ambaye miaka mingi amezoea kwamba mambo yake ni ya nje na mvua ikinyesha hayapo. Najua Mama alisikia kwa sababu wimbo ulikatika.

Alitoka nje kwenye mvua bila kitambaa kichwani. Alisimama mbele yangu, akatazama ndani ya beseni. Sidhani alikuwa amewahi kumtazama kamongo kwa karibu namna hiyo. Kisha alinyoosha mikono yote miwili akanipokonya beseni, akageuka akaingia nalo ndani.

Nilimfuata.

Jikoni aliliweka beseni mezani, akakunja mikono ya gauni, akachukua kisu. Alifanya kazi kama mtu anayetibu kidonda: haraka, uso umekaza, akipumua kwa mdomo. Alitaka kuchuna ngozi. Nilimwambia yale niliyoambiwa Dunga, kwamba bila ngozi afadhali asimpikie.

"Na huu utelezi wote?"

"Sijui. Pengine unatolewa na jivu."

Alichota jivu kwenye jiko la ndani, akapaka, akamwagia maji ya moto, akaanza kukwaruza kwa kisu. Utelezi ulitoka vipande vipande, ukawa kama kamasi ya kijivu juu ya meza. Alifuta, akakwaruza tena. Alikuwa fundi wa kusafisha samaki. Ngege wangapi wamepita mikononi mwake, nani anajua. Mkono wake ulikuwa unafanya kazi peke yake, na nadhani ni mkono uliotambua kwanza, kwa sababu ulisimama ghafla kabla uso wake haujabadilika.

Alikwaruza tena, polepole, kutoka mkiani kwenda mbele. Alisikiliza. Akainua kisu karibu na macho, akaenda nacho dirishani kwenye mwanga. Alibandua kitu kwenye makali kwa ukucha.

"Njoo uone," aliniambia. "Hii ni nini?"

Kilikuwa kidogo, chembamba, kinapitisha mwanga. Kilikuwa gamba. Nilirudi mezani nikaangalia ile ngozi iliyosafishwa, na sasa kwa vile nilijua cha kutafuta niliona yamejaa, yamepangwa kama vigae, kila moja limezama ndani ya ngozi chini ya utelezi ule. Kamongo ana magamba. Ameyaficha tu.

Nilidhani Mama atafurahi. Naandika haya taratibu kwa sababu hapo ndipo nilipomkosea hesabu kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Nilifikiri: basi, kesi imekwisha, mapezi anayo hata kama ni ya kamba za viatu, magamba haya hapa, samaki huyu ni halali kama ngege. Mchungaji angeweza kubisha kwamba gamba lililozama kwenye ngozi si gamba, lakini Mama hakumfikiria mchungaji. Alivuta kigoda akaketi, kile kigamba kikiwa bado kwenye ncha ya kidole.

"Hii miaka yote," alisema. "Hii miaka yote amekuwa akikula huko nje."

Aliinuka akaenda chumba cha mbele vile alivyo, mikono imejaa jivu. Nilisimama mlangoni.

"Wuod Nyakach," alimwita. Humwita hivyo, mwana wa Nyakach, mambo yanapokuwa mazito, naye Baba humwita Nyar Kendu, binti wa Kendu. "Hii kamongo iko na magamba."

Baba aligeuka kutoka ukutani. Alitazama kidole cha Mama, akamtazama yeye.

"Iko nazo," alisema.

"Ulikuwa unajua?"

"Mimi nimezaliwa kwa hiyo samaki. Nitakosaje kujua?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

Baba alicheka, kicheko chembamba cha mtu mwenye mshono tumboni. "Ningekuambia, ungeanza kuikula. Halafu tungegawana."

"Usinichezee."

"Ungesema natafuta njia ya kukuzunguka."

"Si ungejaribu?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati na ilibidi Baba aongeze sauti, jambo lililomchosha.

"Nyar Kendu, sikia. Wakati nilikuleta Kisumu hukuwa unajua mtu. Hata soko la Kibuye ulikuwa unaogopa kuenda peke yako. Kitu ulikuwa nayo ni hiyo kanisa tu. Sasa mimi nianze kuichokora juu ya samaki?" Alipumzika. "Dunga si mbali."

Mama alisimama akitazama kidole chake. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya upasuaji, hata siku ile kliniki. Sasa alilia, bila sauti, akifuta uso kwa mgongo wa mkono kwa sababu viganja vilikuwa vichafu, na akaacha mstari wa jivu shavuni. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu. Kama samaki angekuwa kweli najisi, angebaki na haki yake: yeye alishika lake, mume akashika lake, wakaheshimiana. Gamba moja lilikuwa limempokonya hiyo haki. Alikuwa amemweka mumewe nje kwa ajili ya sheria ambayo haikuvunjwa, naye mumewe alijua, na kila Jumapili alimrudia akinuka limau.

Alirudi jikoni. Hakunitaka nimsaidie. Kitunguu, nyanya, chumvi, maji. Ile sufuria ndogo ilikuwa nje kwenye mvua, na nilipotaka kwenda kuichukua alinikata jicho. Alitoa sufuria yake mwenyewe, ile ya mfuniko mzito anayopikia wageni wa Sabato, akaiweka mekoni na kumtia kamongo humo. Nyumba yote ilinuka kinamasi. Hakufungua dirisha.

Alimpelekea Baba chakula mwenyewe. Alimwinua, akamwekea mto mgongoni, akamwosha mikono, akaweka sahani mapajani pake. Yeye hakula, hakuonja wakati ule wala hajaonja hadi leo, anasema mdomo wake umezeeka. Lakini hakuondoka. Alivuta kiti karibu na kitanda na kukaa akimtazama.

Baba alisita, kwa kuwa hakuzoea kutazamwa kwa jambo hilo. Kisha aliinama, akashika kipande, akaingiza kucha pembeni, akaibandua ngozi yote kwa mkupuo mmoja wa taratibu, akaikunja, akaila kwanza kabla ya kugusa nyama. Alifumba macho akitafuna.

Mama alikuwa amempikia mtu huyu maisha yake yote. Alijua anapenda chai ya namna gani, anaacha nini pembeni ya sahani, anakula ugali kwa vidole vingapi.

"Kumbe," alimwambia, "unaanza na ngozi."